Wifi Yangu Mshika Rula

Wifi yangu simpendi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nimetumwa kumsifu. Ni mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu, mwanamke wa miaka arobaini na ushee, mrefu, mkavu, mchache wa maneno. Kazini wanamwita Nguzo. Jina hilo limemfuata mpaka mtaani, na sasa ukiuliza jina lake la kuzaliwa watu wanatazamana.

Alianza manispaa kama mfagizi. Asubuhi moja mtu wa kushika rula hakutokea kazini. Rula ninayosema si ile ya watoto wa shule. Ni ubao wa chuma chepesi, unavutwa ukawa mrefu kupita mlango, umechorwa mistari na namba. Mpimaji anasimamisha darubini yake ya miguu mitatu mahali pamoja, mwenzake anasimama na rula mahali pengine, na ule mstari unaoonekana kwenye darubini ndio unaosema ardhi ya pale imepanda au imeshuka kiasi gani. Kwa macho ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kumbe rula ikilala kidogo tu, hesabu zote zimekwenda na maji.

Basi siku hiyo injinia akamwambia mfagizi aache fagio ashike rula. Akashika. Inzi akamtua puani, akatembea mpaka ukingoni mwa jicho, yeye hata hakupepesa. Jua lilipanda na yeye yuko palepale. Injinia akasema, "Huyu si mtu, huyu ni nguzo." Tangu hapo fagio hajaligusa. Ni miaka kumi na moja sasa, na bado ni kibarua. Kila mwaka anaambiwa barua yake ya ajira iko njiani, na kila mwaka anaitikia "sawa" kama mtu aliyeambiwa kesho ni Jumanne. Buti alizopewa ni za kiume, zinamzidi miguu, kwa hiyo anasokomeza magazeti mbele. Mumewe alimwacha zamani, akasema hawezi kuzeeka akizungumza na ukuta. Kwa hilo sikumlaumu yule bwana.

Kosa lake kwangu ni hili. Nyumba ya juu, ile yenye baraza na bati la kijani, tulijenga mimi na mume wangu. Maji ya kuchanganyia saruji niliyabeba mimi kichwani, nikiwa na mimba ya binti yangu. Mume wangu alipofariki, udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi shemeji yangu mkubwa alipoita kikao. Akasema kiwanja ni cha baba yao, kwa hiyo nyumba ni ya ukoo, na ukoo ni yeye. Mimi na binti yangu tutashuka chini nyuma, kwenye vyumba viwili tulivyoanzia maisha kabla ya kujenga juu. Hakuna aliyeniuliza kitu.

Siku ya kuhamishwa nilikuwa na kabati la mbao, zito, la harusi yangu. Shemeji alishika upande mmoja. Upande wa pili alishika Nguzo. Hakunitazama. Hakusema hata pole. Kabati langu likapita mbele yangu kama jeneza, likashushwa kule chini, na wao wakapanda zao. Shemeji namjua, sikumtegemea. Lakini huyu nilimsuka nywele tangu ana miaka kumi na miwili, akilala na kichwa chake mapajani mwangu. Miaka tisa baada ya hapo tulikuwa tukikutana njiani, "Wifi," "Wifi," basi, kila mtu na njia yake.

Miaka hiyo tisa mtaa wetu ulifura. Nilipoolewa hapa kulikuwa na nyumba saba na nyasi. Sasa kuta zinagusana, na kila uwanja una shimo la choo hatua chache kutoka kisima cha jirani. Walio juu wanamwaga, walio chini tunapokea. Mvua zikikolea, uwanja wangu unalegea mpaka ukikanyaga mguu unazama, na harufu yake sitaiandika. Choo changu kiliporomoka ukingo mmoja. Nikaweka mbao juu, tukawa tunaingia kwa kunyata kama wezi. Gari la kunyonya mashimo haliwezi kufika, kwa sababu shemeji alijenga stoo na ukuta palepale kwenye uchochoro wa chini uliokuwa njia.

Ndipo manispaa ikatangaza mpango wa mabomba ya maji machafu. Tukaitwa mkutanoni, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka ikitaka. Mama wa mipango, mwanamke mdogo kwangu mwenye miwani kichwani, alibandika ramani ukutani akasema mpango si wa waliopo tu, ni wa watakaokuwepo miaka ishirini ijayo.

"Bomba halina akili," alisema. "Maji machafu yanajua kuteremka tu. Hatuwezi kuyapandisha mlima kwa maombi."

Watu wakacheka. Akaeleza kwamba watapima kizingiti cha kila nyumba, maana bomba lazima lilale chini kuliko mlango ulio chini kuliko yote. Kila nyumba iliyopimwa itapata nukta kwenye ramani, na kila nukta itapata bomba. Mashimo yote yatafukiwa. Mabanda, stoo na kuta zilizokaa kwenye njia ya bomba zitavunjwa.

Nikanyoosha mkono. "Na asiye na nukta?"

"Asiye na nukta hayupo, mama," akajibu, na tabasamu juu.

Nilirudi nyumbani na hilo neno tumboni. Nilielewa vizuri kabisa, ingawa darasa sikukaa. Nyumba yangu ikipata nukta, bomba litalazimika kupita uchochoro wa chini, na stoo ya shemeji itavunjwa. Isipopata, bomba litapita barabara ya mbele, choo changu kitafukiwa, nami nitabaki nakaa kwenye kitu ambacho kwa karatasi si nyumba. Shemeji hatahitaji kunifukuza. Manispaa itamfanyia hiyo kazi, tena kwa muhuri.

Walikuja Jumatatu asubuhi, watu watatu. Injinia, mwembamba, ana mafua, kitambaa mkononi wakati wote. Karani, mnene, na daftari kubwa lililofungwa kwa mpira. Na Nguzo na rula yake begani, amevaa buti zake.

Nguzo ana kawaida yake ambayo wenzake wameizoea. Hakanyagi kizingiti cha mtu mpaka apige hodi. Iwe mlango uko wazi au umefungwa, mwenyewe yupo au hayupo, atapiga hodi kwanza, asubiri, ndipo aweke rula. Karani naye kwa uvivu wake hainui hata uso. Akisikia hodi anaandika "nyumba," akisikia karibu anaandika idadi ya watu baada ya kuuliza. Mtaa mzima wameupima hivyo, nyumba hadi nyumba, "Hodi," "Karibu," kama watu wanaozunguka kutoa salamu.

Shemeji aliwasubiri getini na viti na chai. Mimi nilikuwa chini nafua, nawasikia.

"Na huko chini, mzee?" injinia aliuliza.

"Huko? Stoo tu. Stoo na jiko la zamani."

Nilipanda mbio na mapovu mikononi. "Stoo gani inaanika sketi za shule, shemeji? Au madebe yako ya rangi yameanza darasa la saba?"

Karani akacheka mpaka mabega yakatikisika. Shemeji hakucheka. "Huyu nimemhifadhi tu, kwa huruma. Ni mambo ya ukoo, injinia. Usiyaingie."

Injinia akapiga chafya, akamgeukia mtu wake. "Nguzo, si umezaliwa hapa wewe? Huko chini kuna nyumba?"

Nilimtazama. Shemeji alimtazama. Yeye alitazama namba za rula.

"Mimi nashika rula tu, bosi."

Karani akaandika stoo. Nilimwona akiandika.

Hata hivyo ilibidi washuke, maana walitaka kujua kimo cha kijito kilicho nyuma yetu. Katikati ya mteremko darubini lazima ihamishwe, na hapo panahitajika mahali pagumu pa kuegemeza rula, pasipozama wala kuhama. Walichagua jiwe lililo karibu na bomba langu la kuchotea maji. Nguzo akaja nalo hilo jirula lake, akapita mlangoni kwangu, hatua mbili kutoka kizingiti, bila hodi. Akaenda kusimama jiweni.

Basi nikafungua mdomo.

"Pita, wifi, pita. Kwenye stoo hapapigwi hodi. Panya wakukaribishe vipi? Umekuja kupima ardhi au umekuja kuangalia kabati kama bado liko? Liko. Mlango wake mmoja haufungi tangu ulipolibeba. Nguzo! Nguzo wanasema! Nguzo hata ng'ombe anaegemea. Wewe nani ameshawahi kukuegemea asianguke?"

Na mengine niliyasema. Yeye alikuwa anavuta kipande cha juu cha rula, maana pale ni chini na darubini ilikuwa mbali juu. Nilimwona anakivuta kwa pupa, akaacha bila kukikagua. Injinia akapiga kelele kutoka juu, "Tayari?" Nguzo akainua mkono mmoja. Wakasoma, wakahamisha darubini, wakaendelea mpaka kijitoni.

Mchana walirudi mwanzo walikoanzia, kwenye jiwe la mpaka la barabarani. Nimekuja kujua kwamba ndivyo wanavyofanya: wanazunguka na kurudi palepale, na namba ya kurudi lazima ikubaliane na ya kuondokea. Zisipokubaliana, kuna mtu kakosea. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wa shemeji, na mimi upande wa pili wa ukuta naanua nguo. Sikutega sikio. Walikuwa wanasema kwa sauti.

"Vidole vinne!" Injinia alikuwa anapiga daftari. "Vidole vinne vimekwenda wapi?"

"Tuvigawe, bosi," karani alisema. "Kimoja kule juu, kimoja katikati, viwili kijitoni. Nani atavihesabu? Samaki?"

"Bomba hili linateremka kidogo kuliko kitanda chako. Ukigawa vidole vinne ovyo, uchafu wa mtaa mzima utasimama njiani uanze kurudi kwa wenyewe."

Akafunua daftari upya. Kisha nikasikia ile sauti ambayo huwa haisikiki.

"Nimekosea mimi."

"Wapi?"

"Pale jiweni. Nilivuta rula lakini haikulia ile ka ya kujifunga. Kifungo hakikushika. Nimekikagua sasa hivi ni kizima, kwa hiyo ni mimi."

"Miaka kumi na moja hujawahi."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa sifikirii kazi."

Injinia akapenga kamasi. Akasema kesho wanarudia upande wote wa chini, siku nzima imepotea, na ile barua ya ajira iliyokuwa karibu kutiwa saini sasa hajui atamweleza nini mkuu wake. Nguzo akasema sawa.

Nilifurahi. Sitadanganya. Nilikunja sketi ile ya shule nikiwa na raha mwilini. Ila raha ile haikufika hata mwisho wa kamba. Nilijua nani alimfanya avute rula kwa pupa. Angeweza kusema: kuna mwanamke pale chini alikuwa ananitukana. Mashahidi walikuwepo. Injinia angemwelewa, karani angeniigiza sauti, wangecheka, na barua yake ingekuwa salama.

Wenzake walipoondoka yeye alibaki kuosha rula kwenye bomba langu. Nikaenda na ndoo, ingawa maji nilikuwa nayo.

"Wifi."

"Wifi."

"Kwa nini hukuwaambia ni mdomo wangu?"

Aliendelea kusugua. "Mdomo wako haukushika rula."

"Na kesho utaiweka wapi?"

"Wanarudia yaleyale. Jiweni."

"Na ukiulizwa tena?"

Aliifuta rula kwa kitambaa, akaisukuma ikawa fupi, akaweka begani, akapanda. Nilimrushia neno moja la mwisho mgongoni, nalo nimelisahau, ila halikuwa zuri.

Jumanne shemeji hakungoja getini. Alishuka nao, mikono mgongoni, akiwaelekeza kama mtu anayeonyesha shamba lake. Mimi nilikuwa nimesimama ndani, nyuma ya mlango ulio wazi, na binti yangu pembeni. Nilimzuia asiende shule ile asubuhi. Nilitaka kama tutaondolewa, waondoe watu wawili wanaowaona.

Nguzo alishuka wa mwisho. Alifika jiweni, akavuta rula, na safari hii ililia, ka, mpaka mimi nikaisikia. Injinia akasoma, akahamisha darubini, akasoma tena. Karani akaandika. Hapo kazi ya jiweni ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ni kushuka kijitoni.

Hakushuka. Aliinua rula jiweni akaja nayo moja kwa moja mpaka mbele ya mlango wangu, akasimama na buti zake nje ya kizingiti.

"Hodi."

Karani, kichwa ndani ya daftari, mkono ulikuwa umeshaanza kuandika nyumba.

"We Nguzo!" Shemeji alishtuka. "Unapiga hodi stoo? Umeingiwa na nini?"

Yeye hakugeuka. Alikuwa ananitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kabati. Akarudia, "Hodi, wifi."

Sasa neno lilikuwa kwangu. Mtu atasema, si uitikie tu? Lakini miaka tisa sikuwahi kumkaribisha yule mwanamke. Nilijiapiza mbele ya binti yangu kwamba hatakanyaga kwangu, na mtoto alikuwa pale ananisikiliza. Nikashika ukingo wa mlango kama mtu anayetaka kuufunga. Shemeji akaona. Akatabasamu.

"Mnaona? Hata mwenyewe hana la kusema."

Ni lile tabasamu lililonifungua.

"Karibu," nikasema.

Akakanyaga. Akaisimamisha rula katikati ya kizingiti changu, wima kabisa, akawa nguzo.

Shemeji alipiga kelele kwamba yeye ndiye mwenye kiwanja, ana karatasi, atakwenda mbali. Injinia alishuka taratibu akiwa ameziba pua na kitambaa, na kwa hali ya uwanja wangu sijui kama ni mafua tu.

"Mzee, mimi sikuulizi kiwanja cha nani. Hilo lina ofisi yake. Mimi nauliza nani analala humu na anajisaidia wapi. Nguzo, jana ulisema unashika rula tu."

"Ndiyo, bosi. Jana nilisema vibaya." Aliongea huku hatikisiki, macho mbele. "Humu analala mke wa marehemu kaka yetu na binti yake, mwaka wa tisa. Choo chao ni kile chenye mbao. Samani zao niliingiza mimi kwa mikono hii, mimi na huyu kaka. Mwulize kama tulikuwa tunapeleka kabati la harusi stoo."

Injinia akamtazama shemeji. Shemeji akatazama kijito.

"Watu wangapi?" karani aliuliza.

"Wawili," binti yangu akajibu kabla yangu.

Mchana walipozunguka na kurudi kwenye jiwe la mpaka, namba zilikubaliana. Karani alisema kwa sauti, labda kwa ajili yangu niliyekuwa nyuma ya ukuta, kwamba ameona kazi nyingi lakini hii imefunga kama sufuria na kifuniko chake.

Ilichukua miezi mitano mpango ukatoka. Shemeji aliandika pingamizi, akaitwa, akasikilizwa, akarudi amenuna. Nilikwenda ofisini na kanga yangu nzuri. Mama wa mipango, bado na miwani kichwani, alinipeleka kwenye ramani, akatafuta kwa kidole, akanionyesha. Nukta yenyewe ni ndogo kama mbegu ya nyanya. Mstari wa bomba umepita uchochoro wa chini, juu ya stoo ile, umefika kwangu, umeendelea kwa jirani zangu watano wa chini ambao nao walikuwa hawafikiwi na gari. Nikamwomba aandike jina langu pembeni. Akasema ramani haiandiki majina. Nikamwambia basi asogee kidogo niitazame vizuri, na alisogea.

Kuchimba hawajaanza. Wanasema mwakani, na mwakani wa manispaa tunaujua. Choo changu bado kina mbao. Nyumba ya juu bado anakaa shemeji, na hilo hakuna rula itakayolinyoosha. Nguzo barua yake haijafika. Kaka yake hamsemeshi. Wakikutana njiani anavuka upande wa pili, naye Nguzo anamsalimia mgongo. Sijamwambia asante. Kabati hajalirudisha juu, na mimi si mtu wa kusahau kwa sababu ya nukta.

Wiki iliyopita manispaa walitutaka kila mwenye nyumba aonyeshe kwa vijiti mahali choo kipya kitakapokaa, ili wajue tawi la bomba liingilie wapi. Binti yangu akataka kiwe karibu na chumba chake, ukutani kabisa. Mimi nilitaka mbali, penye mti wa mpera, choo kikae kichooni.

"Mama, siku hizi vinakuwa ndani ya nyumba."

"Siku hizi na wewe mtakuja kula humohumo."

Tulikuwa bado tunabishana, vijiti mkononi, Nguzo akapita anatoka kazini. Akasimama. Alitazama ukuta, akatazama mpera, akatazama uchochoro, hivyo anavyotazama ardhi kama inamwambia kitu.

"Anapotaka mtoto ndipo," alisema. "Kule kwenye mpera hakuna mteremko wa kutosha."

"Hukuulizwa," nikamwambia.

"Sawa."

Alipokwisha kupanda tulichomeka vijiti vinne pale ukutani, binti yangu akishika, mimi nikigonga kwa jiwe.